Nyanya huonja mto kabla ya kuchota maji

Mpenzi msomaji, ukibahatika siku moja kufika Ozi, kijiji kilicho karibu na mahali ambapo Mto Tana unaingia baharini, usikimbilie mtoni na ndoo yako. Keti kwanza kwenye gogo la mwembe ulioanguka, umtazame nyanya yangu.

Atateremka polepole, mkono mmoja kiunoni. Atatua ndoo chini, atatazama kushoto na kulia, kwa maana mamba wa Tana hawana heshima kwa wazee. Kisha atachukua kata yake yenye mpini mrefu, achote maji kidogo, alowanishe kidole cha shahada na kukiweka kwenye ulimi. Hapo husimama kimya kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni. Baada ya hapo, moja kati ya mambo mawili hutendeka. Ama hujaza ndoo na kurudi nyumbani, ama hutema mate, akageuka na ndoo tupu na kusema, "Bado."

Nilipokuwa mtoto nilidhani ule ni mzizimo, mambo ya wazee. Sasa nina watoto wangu, mmoja yuko kidato cha tatu na mwingine darasa la saba, na ninajua kwamba nyanya alikuwa akipima. Kidole chake ndicho chombo kinachomwambia bahari imefika wapi.

Mimi nililelewa kijijini humo hadi nilipofika darasa la nne, ndipo mama akanichukua kuja Nairobi. Kwa hivyo ninapokusimulia habari za Ozi usinichukulie kama mtalii aliyepita na kamera, wala usinichukulie kama mwenyeji kamili. Mimi ni kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu Jumapili baada ya chai: mtu wa mjini mwenye kwao.

Safari ya kwenda huko si fupi. Kutoka Nairobi unaweza kuteremka Mombasa, upite Malindi, au ushike njia ya Mwingi, Garissa na Hola. Njia zote mbili zinakutana upande wa Garsen, na kutoka hapo unafuata barabara ya Lamu mpaka Witu. Siku hizi ni lami. Zamani, mvua ya masika ikinyesha, basi lilikuwa likizama topeni na abiria wote, pamoja na kuku wao, walilala hapo hapo. Kutoka Witu unakata kulia, kama kilomita 20 hivi, na unatokea Kipini.

Kipini ndipo Tana inapoishia. Mto uliotoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukazunguka nchi karibu kilomita 1,000, hapo unajimimina katika Bahari Hindi bila makeke yoyote. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mitumbwi imefungwa kwenye mikoko, na wanaume wameketi kivulini wakishona nyavu. Enzi ya Mwingereza hapa ndipo alipokaa mkuu wa wilaya ya Tana River, kabla ya makao kuhamishiwa Hola. Ukimwambia mtoto wa leo kwamba kijiji hiki kiliwahi kuwa makao ya serikali, atacheka.

Na hiyo ni historia ya jana. Ukifuata ufuo kuelekea mashariki utakuta magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa ambao James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950. Huko huko ndiko kwa Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi ambaye wanafunzi wetu hulazimishwa kumkariri. Wenyeji watakuonyesha mahali wanaposema ndipo kaburi lake lilipo. Muhammad Kijumwa alipoutunga utenzi wake mwaka 1913, alisimulia jinsi Liyongo alivyochomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, naye akatoka akapiga goti karibu na kisima na upinde mkononi, akafa hivyo hivyo. Watu wa mji waliogopa kumkaribia kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Mji mzima ukakosa maji. Nyanya anapoisimulia hadithi hii, hamwelezei sana Liyongo. Yeye huwahurumia wanawake waliosimama mbali na mitungi mitupu.

Kutoka Kipini unaingia mashuani na kupanda mto. Ozi ni ya kwanza. Ukiendelea utafika Kau, ambako leo utaona nyumba chache tu na miembe mikubwa. Msomaji, usiidharau. Katika karne ya 19 Kau ilikuwa bandari. Pembe za ndovu na nafaka za bara zilishuka hapo, na usultani wa Witu uliitegemea. Ni usultani huo huo ambao Wajerumani waliutangaza kuwa chini ya ulinzi wao mwaka 1885, kisha wakawaachia Waingereza mwaka 1890 katika mapatano yaliyowapa kisiwa cha Heligoland huko Ulaya. Sultani hakuulizwa, na wakulima wa mtoni ndio kabisa.

Lakini jambo ambalo ningependa ulishike ni la mfereji. Zamani Mto Ozi na Mto Tana ilikuwa mito miwili. Tana ilitokea baharini kusini zaidi, na Ozi ulikuwa mto mdogo uliotokea Kipini. Watu wakachimba mfereji uitwao Belezoni ili mitumbwi ipite kutoka mto mmoja hadi mwingine bila kuhatarishwa na mawimbi ya bahari. Ulikuwa mfereji mwembamba. Lakini maji nayo yana akili zao. Tana ikaupenda ule mfereji, ikaula kingo zake kidogo kidogo, na kabla ya karne ya 19 kwisha maji mengi ya Tana yalikuwa yamehamia Ozi. Kwa maneno mengine, maji matamu yanayopita mbele ya mlango wa nyanya yaliletwa na majembe ya watu. Nilikuwa mtu mzima nilipolielewa hilo, na tangu siku hiyo siutazami mto kama kitu ambacho Mungu alikiweka pale na hakitaondoka.

Sasa, maisha yenyewe yakoje? Ni ya kimya, ndugu yangu, kimya ambacho kwa siku mbili za kwanza kinaumiza masikio ya mtu wa Umoja au Kayole. Alfajiri utasikia adhana, jogoo, kisha kafi zikigonga ubavu wa mtumbwi. Usiku utasikia viboko wakikoroma kama matatu inayokataa kuwaka. Mwanangu wa kiume tulipofika alizunguka kijiji chote ameinua simu juu akitafuta mtandao, hadi mzee mmoja akamuuliza kama anapima mvua. Siku ya tatu aliisahau simu ndani ya mkoba. Alikuwa amefundishwa kusukuma mtumbwi kwa upondo, na alikuwa ameshaanguka majini mara mbili mbele ya wasichana.

Chakula ni wali. Asubuhi wali uliolala, mchana wali kwa kambare wa nazi, usiku wali tena. Msimu wa maembe ukifika, watoto hawahitaji chakula cha mchana. Wanawake wanatwanga mpunga kwenye kinu wakipokezana michi, na anayepeta ungo hutoa umbea wa kijiji pamoja na kapi. Mtoto akilia hubembelezwa kwa nyimbo za Kipokomo, na hapo huwa nawatania watoto wangu wasimame wima, kwa sababu wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963, ulichukua lahani yake katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Kila mara rais anapopigiwa wimbo huo, watu wa mto huu wanajua ni nani aliyekuwa wa kwanza kulazwa nao.

Ninajua wengine wenu mkisikia Tana Delta mnakumbuka mambo mengine. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 wakulima na wafugaji waliuana katika vijiji vya delta hii, na zaidi ya watu 100 wakafa. Katika mwaka huo huo wa 2012 delta iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye umuhimu duniani. Siwezi kuandika juu ya utulivu wa mto nikaficha hayo. Lakini nyanya, ambaye alilala porini siku kadhaa wakati ule, akiulizwa ni nini kinachomtia hofu zaidi, hataji bunduki wala panga. Hutaja chumvi.

Niruhusu nikueleze jinsi mpunga unavyolimwa Ozi, maana sijaona watu wenye akili kuwashinda waliobuni jambo hili. Hawana pampu. Hawana tangi. Wanachotumia ni mwezi.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Bahari inapojaa husukuma mto urudi nyuma. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hivyo huingia kwa chini, yakitambaa kwenye sakafu ya mto, na yale matamu huinuliwa juu kama malai juu ya maziwa. Mkulima wa Ozi amejenga tuta la udongo kuzunguka konde lake, akaacha mlango wa mbao kwenye mfereji. Maji matamu yanapoinuliwa hadi kufikia mlango, anafungua. Konde linakunywa. Kabla ya chumvi haijapanda, anafunga. Basi. Bahari yenyewe imemfanyia kazi ya kumwagilia shamba bila malipo.

Ila kuna sharti mbili. Kwanza, mto lazima uwe na nguvu ya kutosha kuibishia bahari. Pili, tuta lazima liwe zima.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na si kwa sifa.

Mwaka 2021 mvua za masika zilikuwa haba. Kama unavyokumbuka, huo ndio wakati ule ukame mrefu ulipokuwa ukianza, ule wa misimu mitano mfululizo kukosa mvua ya maana. Mwezi wa Agosti mjomba alinipigia simu. Alisema tuta la upande wa mtoni limetobolewa na kaa na viboko wamelikanyaga, na kwamba bamvua kubwa za Septemba na Oktoba zinakuja. Walihitaji shilingi 12,000 za kuwalipa vijana wa kuchimba udongo na kununua mbao za mlango mpya. Yeye alikuwa na 4,000. Aliniomba nimalizie.

Nikamwambia, "Mjomba, subiri mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ukafika. Nitakwambia ukweli kwa sababu hunijui na sitakutana nawe: pesa nilikuwa nazo. Lakini mke wangu nami tulikuwa tumechagua viti vya sebuleni, vya kitambaa cha rangi ya maziwa, na fundi wa Gikomba alitaka malipo ya kwanza. Nikajiambia tuta limekaa miaka 40, halitakufa kwa mwezi mmoja. Septemba ikapita. Mjomba hakupiga simu tena. Watu wa kwetu wana aibu ya kuomba mara mbili, na mimi nilijifanya kwamba kimya chake kina maana kwamba mambo yametengenea.

Bamvua ya Oktoba ilikuja usiku. Mto ulikuwa mdogo, bahari ilikuwa na nguvu, na tuta lilikatika mahali pale pale ambapo mjomba alikuwa ameonyesha kwa kidole. Mpunga ulikuwa umetoa masuke. Kulipokucha, konde zima lilikuwa limesimama katika maji ya chumvi. Wanasema halikuonekana kuharibika siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya tano majani yalianza kuwa na rangi ya kutu kwenye ncha. Siku ya kumi ungedhani mtu amepita na moto.

Mjomba aliponipa habari hizo hakuitaja ile methali ambayo wewe, msomaji, umeshaifikiria, ya ufa na ukuta. Alisema tu, "Nyanya yako hajambo, anakusalimu." Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kipya.

Miembe ilichukua muda zaidi. Mwembe haufi kwa usiku mmoja. Hupunguza matunda mwaka wa kwanza, hudondosha majani mwaka wa pili, kisha huanza kukauka kuanzia juu, tawi kwa tawi, kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Tulikuwa na miembe saba iliyopandwa na babu. Imebaki miwili. Na si kwetu tu; ukipanda mto kwa mashua utayahesabu mashina meupe kandokando mpaka uchoke.

Ni nini kilichoupunguzia mto nguvu? Kila mtu kijijini ana jibu lake. Ukame, bila shaka. Wengine hukumbusha kwamba Tana ina tabia ya kuhama na kujigawa katika mikono mingine, jinsi ilivyouhamia ule mfereji wa Belezoni. Na wengine huelekeza kidole huku kwetu juu, na hapo nataka tusikilizane, maana ndipo unapoingia wewe.

Nairobi haiko mbali na Ozi kama unavyodhani. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, liko kwenye Mto Thika, na Thika ni mtoto wa Tana. Sasumua liko kwenye kijito kinachoingia Chania, na maji ya Chania nayo huishia Tana. Maji uliyonawia uso asubuhi ya leo huko Buruburu, kama mfereji wako haukuwa mkavu, kwa njia yake ya kawaida yangeteremka hadi Kipini. Na taa inayokuwezesha kusoma gazeti hili jioni huenda umeme wake unatoka Kindaruma ya mwaka 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981 au Kiambere ya 1988. Yote matano ni mabwawa ya Tana. Mabwawa hayanywi maji yote, hata. Lakini yamebadilisha mwendo wa mto. Yale mafuriko ya kawaida ya kila msimu, yaliyokuwa yakiosha mashamba na kuisukuma bahari mbali, hayaji tena kama zamani. Yanakuja makubwa mno au hayaji kabisa.

Sisemi tuzime taa. Mimi mwenyewe nina friji. Nasema tu kwamba siku ile nyanya alipoonja mto na kutema, nilikuwa nimekoga mara mbili.

Mvua ilirudi, na ilirudi kwa hasira. Novemba 2023 mto ulifurika, na Aprili na Mei 2024 ukafurika tena, mabwawa ya juu yakajaa hadi kumwagika. Nyumba ya nyanya ya udongo iliyeyuka kama sukari. Alihamishiwa Kipini kwa jamaa. Nilimpigia simu nikamwambia nakuja kumchukua, chumba kipo, na viti vya kulalia vipo. Alinicheka.

"Huko kwenu," aliuliza, "maji huyaonja nani?"

"Yanatoka kwenye mfereji, nyanya. Hayaonjwi."

"Basi mtajuaje yakibadilika?"

Nilikosa la kumjibu. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Lakini maji yalipopungua ndipo mjomba akanieleza jambo ambalo nyanya alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza ya gharika: mafuriko yale yaliyomvunjia nyumba yalikuwa yameosha chumvi konde lote. Udongo mpya, mweusi, wa kutoka bara, ulikuwa umelala juu ya ule uliokufa. Nyasi zilikuwa zimeota mahali ambapo kwa karibu miaka mitatu palikuwa na ukoko mweupe. Ardhi ilikuwa imesamehewa. Kilichokosekana kilikuwa tuta.

Tulikaa kikao cha jamaa kwa simu, kila mtu akipiga kelele juu ya mwenzake. Binamu yangu wa Mombasa alitaka tuachane na konde lile, nyanya apelekwe Malindi, habari ziishe. Alisema bahari haishindwi, na kwamba tukijenga tuta leo tutajenga tena baada ya miaka michache. Sikuweza kumwambia amekosea. Bado siwezi. Nilichosema ni kwamba mbao nitanunua mimi, na udongo nitauchimba kwa mikono yangu, na asiulizwe mtu mwingine hata senti moja.

Ndiyo sababu likizo ya Aprili 2025 hatukwenda kwa wakwe. Tulikwenda Ozi sote wanne. Mke wangu alikuwa amezijua habari za zile 12,000 wiki hiyo tu, ndani ya basi, tulipopita Mwingi. Hakuniongelesha mpaka Garissa.

Kuchimba udongo wa mfinyanzi si kazi ya mtu wa ofisini. Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge, siku ya pili vikapasuka. Vijana wa kijiji walikuja kutusaidia na walikataa malipo hadi walipoona jinsi ninavyoshika jembe, hapo wakakubali chai. Binti yangu alibeba udongo kwa karai pamoja na wenzake, akajifunza kuimba nao. Mwanangu na mjomba walitengeneza mlango, wakapigilia mbao mbili kwa pembeni na kuacha nafasi ya kuupandisha na kuushusha. Tuliyaziba matundu ya kaa moja moja, tukiyashindilia kwa mti. Nyanya alikuwa akipita juu ya tuta kila jioni kwa fimbo yake, akidunga hapa na pale. Akidunga mara mbili mahali pamoja, ujue kesho hapo panachimbwa upya.

Bamvua ya mwezi mpevu ilituangukia siku ya tisa. Mjomba alisema maji yatajaa kabla ya alfajiri, kama saa kumi na moja hivi. Hatukulala. Tulikaa juu ya tuta na tochi mbili, mbu wakijinufaisha, mwezi ukiwa mkubwa juu ya mikoko. Mto uliacha kuteremka. Ukasimama. Kisha, polepole sana, majani yaliyokuwa yakielea yakaanza kurudi yalikotoka.

Maji yalipanda. Yalifika kwenye alama ya kwanza ambayo mwanangu alikuwa ameichonga kwenye nguzo, kisha ya pili. Nilitembea kutoka mwisho mmoja wa tuta hadi mwingine nikimulika chini, nikisikiliza. Mahali pale palipokatika mwaka 2021 palikuwa na unyevu, na moyo wangu ukaanza kupiga. Mjomba alikuja akatia mkono, akaushindilia udongo kwa kisigino, akasimama hapo hapo kwa mguu wake mpaka mwisho. Kati ya ukingo wa tuta na mto ilibaki shibiri moja. Kisha ikabaki ile ile shibiri moja. Adhana ikasikika kutoka kijijini.

Nyanya alikuja akiwa ameshikwa mkono na binti yangu. Hakututazama sisi. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni mwa mfereji, akaomba kata. Akachota maji ya juu juu, akachovya kidole, akaweka ulimini. Akasimama. Kisha akampa binti yangu ile kata.

"Wewe wasemaje?"

Mtoto alionja. Alinitazama, akaitazama kata, akaonja tena.

"Matamu," alisema. "Ila kwa mbali kuna kitu."

"Kwa mbali wapi? Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho."

Nyanya alitikisa kichwa kumkubalia, akamgeukia mwanangu aliyekuwa ameshika kamba ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Fungua," alisema. "Nikihesabu mia mbili, funga."

Naye akaanza kuhesabu.